Tortilla na pupusa jikoni Dodoma: anza na punje nzima

Kila mtu anayeniambia tortilla, ile mikate bapa ya mahindi ya Amerika ya Kati, zimemshinda huwa amepita njia ile ile. Amechukua unga wa sembe, akaukanda kwa maji ya moto, akasukuma kama chapati. Donge likapasuka pembeni, alipolinyanyua likakatika katikati, na kilichobaki kwenye kikaango ni ugali mkavu. Kisha analaumu mahindi yetu. Mahindi yetu yanafaa kabisa. Kilichokosekana ni jivu, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya itakuwa juu ya jivu na chokaa kabla hatujafika kwenye kikaango.

Mimi ni mpishi, mzaliwa wa Kongwa, na nimepikia watu hapa Dodoma mjini miaka mingi. Haya nilifundishwa na dada mmoja wa El Salvador aliyepanga nyumba ya jirani wakati mume wake ana kazi ya mkataba hapa. Kwao mwanamke wa heshima huitwa niña, neno ambalo kwenye Kihispania cha kwingine ni mtoto wa kike tu. Ndivyo alivyoniita, nami nikamwita dada. Alisharudi kwao. Nilichobaki nacho ni daftari na mazoea ya mikono, na kila kipimo hapa nimekipika mara nyingi kwa mahindi ya Kibaigwa, maharage ya soko la Majengo na mafuta ya alizeti ya Singida.

Nchi za Amerika ya Kati ni saba: Guatemala, Belize, El Salvador, Honduras, Nicaragua, Costa Rica na Panama. Kila moja ina vyakula vyake, lakini sahani ya siku ya kawaida utaitambua bila kutambulishwa: mahindi, maharage, wali, ndizi za kukaanga, kipande cha jibini, kabichi. Shambani nako hupanda mahindi, maharage na maboga pamoja, kama tunavyochanganya sisi. Hayo mazao yote matatu asili yake ni huko huko Amerika. Mahindi yalianza kulimwa kusini mwa Mexico miaka 9,000 hivi iliyopita, yakafika Afrika baada ya Wareno kuanza safari zao, lakini namna ya kuyaandaa haikuja nayo.

Kuyapika mahindi

Namna yenyewe inaitwa nixtamal. Neno limetoka Kinahuatl, lugha ya Waazteki, na nusu yake ya kwanza maana yake ni jivu. Punje nzima inachemshwa kwenye maji ya jivu au chokaa, inalala humo usiku kucha, inaoshwa, ndipo inasagwa ikiwa bado mbichi na laini. Rojo hiyo nzito ndiyo masa, na masa ndiyo inayokandika na kukunjika.

Linganisha na tunavyofanya sisi. Tukitaka kuondoa ganda tunakoboa, iwe kwa kinu au kwa mashine, na ganda linapotoka linaondoka na kiini, ile sehemu yenye mafuta. Tunabaki na sembe nyeupe isiyo na nguvu. Jivu linalegeza ganda peke yake na kiini kinabaki mahali pake. Halafu kuna jambo lisiloonekana kwa macho: mahindi yana vitamini B3, lakini imefungwa kiasi kwamba mwili hauipati. Chokaa au jivu huifungua. Wazungu walipochukua mahindi bila ujuzi huu, maskini waliokula mahindi matupu wakaanza kuugua ngozi na akili. Daktari Gaspar Casal aliuona ugonjwa huo Asturias, Hispania, mwaka 1735, na baadaye ukaja kuitwa pelagra. Huko Amerika ya Kati watu walikuwa wanakula mahindi asubuhi, mchana na jioni bila kuugua. Ndiyo maana sikubali mtu aniambie jivu ni hiari.

Chukua kilo moja ya mahindi meupe makavu. Yamwage kwenye ungo, upepete, kisha uchambue punje moja moja kwenye mwanga. Yenye ukungu, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa na wadudu, toa. Sisi wa mikoa hii tunajua sumukuvu, ile sumu ya ukungu, ni nini. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Kuchemsha hakuiondoi. Chokaa huipunguza, lakini usiitegemee chokaa kukuokoa na gunia baya.

Kama unatumia chokaa, iwe ile ya kulia tambuu. Mimi huagiza kwa mdogo wangu aliyeolewa Tanga. Kijiko kimoja kikubwa kinatosha kilo moja, ukikoroge kwenye lita tatu za maji. Chokaa ya kupaka ukuta au ya ujenzi usiiguse hata kama ni nyeupe vilevile. Haikutengenezwa iingie tumboni, na ile ambayo haijazimuliwa kwa maji inaunguza.

Usipopata chokaa ya tambuu, jivu lipo kila nyumba inayopikia kuni. Mimi napenda la mgunga. Lazima liwe la kuni tupu, zisizo na rangi, misumari wala plastiki ya kuwashia moto. Lichekeche, pima vikombe viwili vya chai, lichemshe kwenye lita nne za maji kwa robo saa, kisha liache litulie mpaka maji ya juu yawe ya rangi ya chai nyepesi. Yamimine polepole kwenye kitambaa safi, mashapo yabaki chini. Chovya ncha za vidole, visugue. Ukisikia utelezi kama wa sabuni, maji yamekolea. Nawa mkono mara moja, maana yanakausha ngozi.

Sasa sufuria, na hapa naomba unisikilize. Usitumie sufuria ya aluminiamu. Jivu na chokaa huila. Mara yangu ya kwanza nilitumia sufuria yangu kubwa ya wageni, ikatoka nyeusi ndani, maji yakawa ya kijivu, na kilo mbili za mahindi nikazimwaga kwa sababu sikujua nimewapikia watu nini. Tumia chungu cha udongo, sufuria ya enameli isiyobanduka, au ile ya chuma cha pua.

Weka mahindi na maji yake jikoni, moto wa wastani. Yakianza kuchemka punguza, yawe yanatokota tu. Ukitumia chokaa utaona punje zinageuka manjano ndani ya dakika chache, hata kama zilikuwa nyeupe pe, usishtuke. Baada ya nusu saa toa punje moja, isugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ganda likiteleza na kutoka kama ngozi ya nyanya iliyochovywa maji ya moto, epua. Likigoma, ongeza dakika kumi, jaribu tena. Mahindi magumu ya huku kwetu huchukua hadi saa nzima. Ing'ate punje hiyo: nje laini, katikati bado ngumu kidogo na nyeupe kama chaki. Ikiwa laini hadi ndani umepika kande, na masa yake itanata kama gundi.

Funika, acha usiku kucha. Asubuhi mwaga maji, osha mara tatu ukisugua kwa viganja. Maganda yataelea, yamwage. Usihangaike kuondoa yote. Kidogo kikibaki husaidia masa kushikana.

Kusaga

Huko kwao wanawake huamka alfajiri na beseni la nixtamal kichwani wakaenda mashineni, foleni na maongezi kama ya kwetu. Mashine zao zina mawe ya kusagia nafaka yenye maji. Zetu ni za nafaka kavu, na mwenye mashine wa mtaani kwangu alipoona ndoo yangu inachuruzika maji alikataa, kwa haki kabisa, maana ingeganda ndani. Kwa hiyo nyumbani natumia mashine ndogo ya mkono ya kusagia karanga, ile ya kufunga mezani. Pitisha mara mbili: ya kwanza kwa kulegeza, ya pili kwa kukaza. Mashine ya kusagia nyama nayo hufaa ukipitisha mara tatu au nne. Blenda inataka maji mengi mno, mwishowe unapata uji.

Ila masa nzuri kuliko zote nilizowahi kushika ilisagwa kwenye jiwe. Tulikuwa tumekwenda Kongwa kumsalimia bibi. Dada alipoona jiwe la kusagia pembeni ya nyumba hakusema neno. Alipiga magoti nyuma yake, akashika jiwe dogo kwa mikono miwili, viwiko vikaingia ndani, akalisukuma mbele na kulirudisha mara mbili tatu juu ya jiwe tupu. Bibi, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda, aliacha kuchambua mlenda. Hakuna aliyekuwa amemwonyesha. Kwao jiwe hilo linaitwa metate, lina miguu mitatu, na bibi yake mwenyewe alilipigia magoti hivyo hivyo. Kesho yake tukasaga kwenye jiwe la bibi ndoo nzima tuliyoloweka usiku. Masa ya jiwe inatoka na mafuta ya kiini yakiwa yameenea, inang'aa kidogo, na ukiinusa ina harufu ya mvua ya kwanza kwenye udongo mkavu.

Ikishasagwa, kanda kwa chumvi kidogo na maji ya kunyunyiza. Fanya donge, libonyeze kwa kiganja. Kingo zikipasuka, ongeza maji kijiko kimoja kimoja. Ikibaki kwenye ngozi yako, imezidi maji. Iache wazi kidogo. Inayofaa inaachia kiganja ikiwa safi na kingo zake ni laini kama sikio. Funika kwa kitambaa kibichi muda wote, kwa sababu upepo wa Dodoma unaikausha ukiwa unaiangalia.

Kilo moja ya mahindi itakupa karibu kilo mbili za masa, yaani tortilla 35 hadi 40.

Kuchoma

Tortilla za Guatemala na El Salvador ni ndogo na nene kuliko za Mexico. Donge liwe la ukubwa wa limau. Lipige kiganja kwa kiganja, ukilizungusha kidogo kila pigo, mpaka liwe duara la upana wa kiganja kilichofunguka na unene wa sarafu mbili zilizopangana. Mwanzoni litakuwa na pembe. Ukichoka, weka donge kati ya vipande viwili vya mfuko safi wa plastiki, bonyeza kwa kitako cha sahani bapa.

Kikaango cha chapati cha chuma kinafaa badala ya comal yao ya udongo. Kiwe kikavu, bila mafuta, na moto uwe mkali: tone la maji likidondoka lirukeruke. Laza tortilla. Nusu dakika, kingo zikianza kupauka, geuza. Upande wa pili uupe dakika moja na nusu mpaka madoa ya kahawia yatokee. Geuza tena, bonyeza katikati kwa vidole. Ikivimba kama puto umefaulu kuanzia kwenye kuosha mpaka kwenye kukanda. Isipovimba inalika vilevile. Mara nyingi moto ulikuwa mdogo au masa ilikauka. Zitupie kwenye kapu lenye kitambaa, uzifunike mara moja. Zinamalizia kuiva kwa mvuke wao wenyewe, kwa hiyo usile ya kwanza kabla ya ya tano.

Maharage ya siku tatu

El Salvador wanapenda maharage mekundu madogo, Guatemala meusi. Kwetu chukua mekundu madogo yanayoiva haraka. Loweka, chemsha na nusu kitunguu maji na punje nne za kitunguu saumu, chumvi mwishoni. Nyanya usitie, nazi usitie.

Uzuri wake uko kwenye mwendo. Siku ya kwanza yanaliwa na supu yake, tortilla ikichovywa. Siku ya pili yanapondwa na kuchujwa yawe rojo nzito. Siku ya tatu rojo hiyo inarudi kikaangoni na mafuta na kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa cha kahawia, inakorogwa kwa mwiko hadi inaachia kikaango na unaweza kuiviringisha kama mwanasesere wa kanga. Guatemala wanaiita volteados, yaani iliyogeuzwa. Kwenye joto letu, kama huna friji, chemsha sufuria asubuhi na jioni, na usivuke siku ya tatu.

Pupusa

Pupusa ni tortilla iliyoshiba ndani, na ndiyo fahari ya El Salvador. Tangu mwaka 2005 Jumapili ya pili ya Novemba ni siku yake kitaifa. Kijazo kinachofahamika zaidi ni maharage yaliyokaangwa na jibini lao liitwalo quesillo, linaloyeyuka na kuvutika.

Jibini la nyumbani ni rahisi: chemsha lita mbili za maziwa ya ng'ombe, epua, tia maji ya limau vijiko vikubwa vinne au vitano mpaka yakatike, chuja kwa kitambaa, funga, kandamiza kwa jiwe saa moja, tia chumvi. Ni tamu, ila haliyeyuki. Kwa hiyo mimi nalisagia ndani ya maharage, au nikiwa na pesa nachanganya nusu kwa nusu na mozzarella ya dukani.

Paka viganja maji yenye mafuta kidogo. Chukua donge la ukubwa wa chungwa dogo, ulitoboe kwa kidole gumba liwe kama kikombe, kingo zisiwe nyembamba. Jaza kijiko kimoja na nusu. Kusanya kingo, zibane juu, kikonyo cha masa kilichozidi ukinyofoe. Kisha lipige taratibu mpaka liwe bapa, unene wa kidole kidogo. Kijazo kikichungulia, ziba kwa kipande cha masa. Choma kwenye kikaango kilichopakwa mafuta kidogo sana, dakika nne kila upande. Jibini kidogo likivuja na kuungua pembeni, hiyo ndiyo sehemu watoto watakayogombania.

Pupusa bila curtido, kabichi yao ya siki, haijakamilika. Kata nusu kabichi nyembamba sana, mwagia maji yanayochemka, hesabu hadi sitini, chuja. Changanya na karoti iliyokwaruzwa, kitunguu, nusu kikombe cha siki, nusu kikombe cha maji, chumvi, oregano ukiipata. Ilale usiku mzima. Ni tofauti na kachumbari, maana ukali wake unatakiwa uwe umeshaingia ndani ya kabichi. Weka juu pamoja na mchuzi mwepesi wa nyanya, ule kwa mkono.

Vya haraka

Kama una kiporo cha wali na kiporo cha maharage, una gallo pinto, kifungua kinywa cha Costa Rica na Nicaragua. Lazima wali uwe wa jana. Wa leo unafanya matope. Kaanga kitunguu na pilipili hoho, tia maharage na supu yake kidogo, kisha wali, geuza mpaka kila punje ipate rangi. Jina maana yake ni jogoo mwenye madoa. El Salvador sahani ya namna hiyo inaitwa casamiento, ndoa. Na upande wa pwani ya Karibi, Limón huko Costa Rica, ambako watu wa Jamaika walifika miaka ya 1870 kujenga reli, wali na maharage hupikwa kwa tui la nazi. Mtu wa Tanga angekaa mezani bila kuuliza.

Baleada ya Honduras itampendeza aliyezoea chapati: unga wa ngano, mafuta, maji ya vuguvugu, usukume bila kuviringisha kwa tabaka, uchome, upake maharage ya siku ya tatu, jibini la limau na mtindi mzito, ukunje katikati. Tamale na nacatamal, yaani masa iliyojazwa na kufungwa kwenye majani, sizipiki mara kwa mara. Zinataka majani ya mgomba, na hapa Dodoma jani zima lisilochanika unalisubiri hadi gari la Morogoro.

Tortilla zikibaki, zifunge kwenye kitambaa. Kesho zirudishe kikaangoni kavu nusu dakika kila upande. Zikifika siku ya tatu zikiwa ngumu, kata vipande, kaanga kwa mafuta ya alizeti, tia kwenye supu ya maharage.

Siku ile Kongwa tulichoma tortilla kumi na mbili juu ya mafiga. Bibi alipokea yake kwa mikono miwili, akaigeuza, akainusa, akamuuliza dada kupitia kwangu kama hii inabeba mlenda. Dada hakujua mlenda ni nini. Kwa hiyo nikamwonyesha: chana tortilla robo, ikunje iwe kijiko chenye kina, chota haraka, inamisha kichwa. Bibi alikula tatu.